Kichanja

Sheria ndogo namba saba niliichapa mimi,
kwa mashine ya kata iliyong'oka herufi K;
kila K nikaijaza kwa kalamu, moja moja:
ni marufuku kuanika dagaa mchangani,
mwalo wote wa Igombe. Faini elfu hamsini.
Muhuri. Gundi ya unga wa muhogo.
Mbuzi wa Holo alilila tangazo kabla ya adhuhuri.
Nikabandika jingine, juu zaidi.

Vichanja vikaja, mia na ishirini,
miti mipya, nyavu mpya, utepe ukakatwa.
Mwezi ule dagaa walikauka hewani,
waking'aa kama sarafu ambazo hazijashikwa.

Mwezi wa pili nikapita alfajiri.
Juu ya vichanja: sare za shule,
godoro la mtoto aliyekojoa.
Chini, kivulini, mbuzi yule yule akicheua.
Dagaa walikuwa mchangani.

"Mama Nyanzobe," nikasema, "sheria."
Hakuacha kufagia.
"Debe la kichanjani, Mwaloni, linapima kilo tisa.
La mchangani, kumi.
Hiyo ya kumi ni mchanga, mwanangu,
na mchuuzi ananilipa mchanga kwa bei ya samaki.
Usafi wako nimeupeleka sokoni mara nne.
Hakuna aliyeuliza unauzwaje."
Akang'uta fagio.
"Mimi umenibandikia karatasi.
Mzani umeubandikia nini?"

Nikamwandikia risiti. Akalipa papo hapo,
noti zimekunjwa tayari ndani ya kitenge:
wana kikoba cha faini, wanachanga kila Ijumaa,
kama watu wachangiavyo msiba
ambao tarehe yake inajulikana.

Nami niseme lililo langu.
Bati la ofisi yetu limetoka kwenye risiti zile,
na kiti ninachokalia, na wino.
Siku Igombe yote itakapotii
nitanyeshewa.

Kwenye taarifa ya robo mwaka kuna safu mbili:
vichanja vilivyojengwa, mia na ishirini;
faini zilizokusanywa, zimepanda.
Mkubwa akaandika pembeni: Hongera.
Safu ya mchanga haipo. Niliitafuta.

Jioni mke wangu akapakua ugali,
na dagaa wa nazi, aliowanunua kwa nani sikuuliza.
Nikatafuna.
Kitu kikalia kati ya magego, kidogo, kr.
Mke wangu akanitazama.
Nikameza.