Vipimo vya Ngome ya Saa Sita

Ofisi ya ardhi imenituma Nguba na futi ya chuma
nipime kilichobaki.
Upande wa ziwa: mita kumi na tisa,
ukuta umesimama kwa mazoea tu.
Upande wa barabara: hakuna ukuta, kuna mihogo.

Faili ina kurasa nne na doa la chai.
Ukurasa wa kwanza: mzungu wa shamba la kwinini.
Jina lake refu; watu walimwita Saa Sita,
maana kengele yake haikujua saa nyingine.
Alijenga kwa kufuata picha ya kadi ya posta,
na mnara wa kuchungulia adui,
na adui hakuwepo, isipokuwa sisi.

Mawe yalitoka Idjwi kwa mitumbwi.
Kutoka majini hadi juu, yalitoka mabegani.
Babu yangu Cirimwami alibeba mia tatu na kumi na moja.
Alihesabu kwa mafundo kwenye kamba ya mgomba.
Kamba ilioza. Hesabu alimwachia mama.

Ukurasa wa pili, jina limekatwa kwa wino mwekundu:
kanali, dinamo yake, santuri zake mpaka alfajiri.
Kisha masista, na cherehani kumi na mbili.
Kisha mwaka ule wa watu kuvuka Ruzizi na magodoro kichwani,
wakalala hata kwenye ngazi.
Faili haisemi hayo. Inasema: *Milango: hakuna.*
Najua ilikokwenda. Mvule huivisha uji vizuri.

Halafu ukuta wenyewe ukaanza kupanda mlima.
Kadutu udongo huteleza, na nyumba hutaka msingi;
usiku akina mama, kamba kwenye paji la uso,
jiwe moja kila safari,
njia ileile ya babu, ila sasa wakielekea kwao.

Mkuu wangu anataka sentensi ya mwisho.
Nimeandika: *Mawe yaliyopungua hayajulikani yalipo,*
nikapiga muhuri, nikarudi nyumbani.

Sambaza zilikuwa zikikaangwa.
Figa la kushoto bado lina chokaa ya Saa Sita,
inakataa kuwa nyeusi.
Nikamsomea mama ripoti yote, na mita zake.
Akageuza samaki, akasukuma kuni ndani,
akatazama yale mafiga matatu.

"Bado mia tatu na nane," akasema.