Mlingoti Mdogo

Nililivunja mwenyewe, kwa kiburi cha mazoea:
koleo liko mkandani, nami juu ya mlingoti wa stima kule Katito,
nikamenya ngozi ya waya kwa meno
kama amenyaye muwa.
Ogembo, chini, alisikia mlio akadhani ni fyuzi.

Wiki tatu sasa Daktari Awinja analihangaikia,
ghorofa ya pili, mkabala na soko la Kibuye.
Kwanza aliutoa uhai wake, uzi mwekundu, mwembamba,
ambao sikutaka kuuona, nikauona.
Tangu hapo jino halinijui.
Huligonga kwa mpini wa kioo: "Wasikia?"
Sisikii.
Laini imezimwa. Hali hiyo naijua:
waya upo, nyumba ipo, na giza lipo.

Leo anasimika nguzo.

Ameniwamba mpira wa kijani mdomoni,
jino moja tu limechungulia tunduni
kama mpangaji anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Anachimba. Anautoa ule utomvu wa waridi
alioushindilia juzi, ila wa chini kabisa anauacha,
milimita tano, kizibo,
ili kinachonuia kuoza huko kisipate njia.
Anapima kina. Anatazama eksirei. Anapima tena.
Nampendea huko kupima tena.

Maana sisi mlingoti wa mita kumi
twauzika mita moja na nusu na ushee,
na bado maji ya Nyando yakifurika
udongo mweusi wa Ahero hulegea kama uji,
asubuhi waikuta safu nzima imelala upande,
nyaya zinagusa mpunga.

Nataka kumwuliza: wangu mimi ni udongo gani?
Mdomo si wangu; natoa "aa", natoa "oo",
naye anajibu kana kwamba nimesema:
"Si chuma hiki. Zamani tulitia chuma.
Ukitafuna, chuma hakikubali kupinda,
kwa hiyo mzizi ndio unaopasuka.
Hizi ni nyuzi za kioo. Zinayumba kidogo, pamoja na jino."
Ananionyesha: kijiti cheupe,
chembamba kuliko njiti ya kiberiti.
Hiki?
Bega langu lina kovu la mikalitusi iliyolowa dawa,
na hiki ndicho kitakachobeba nyoyo na mifupa ya mbuzi?

Asidi. Maji. Anakausha kwa vijiti vya karatasi,
cha kwanza kimelowa, cha pili kimelowa,
cha tatu anakiinua kwenye mwanga: kikavu.
Gundi. Nguzo inashuka.
Sihisi kitu, ila uzito wa kidole chake.
"Funga macho." Mwanga wa buluu unapenya kope.
Mashine inalia kila sekunde kumi, mara nne,
na kidole hakitikisiki.
Hivyo ndivyo Ogembo ashikavyo kamba
mlingoti ukiwa haujaamua bado.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Bibi yangu aliuokota msemo huo Kaloleni,
kwa Waswahili aliowauzia samaki,
akaufanya wake, yeye aliyeng'olewa sita za chini
akiwa msichana, kwa mila,
akacheka kwa pengo hilo hadi kaburini.
Sikuwahi kumbishia.
Ila hili, bibi, si pembe, wala si pengo.
Ni langu. Limekufa. Limesimama.

"Upande huu usitafune mpaka taji lije," asema daktari.
Kisha, bila kuniangalia: "Wala waya."
Nalipa nusu kwa simu, nusu mwisho wa mwezi.
Ngazini mdomo umevimba kwa ganzi,
na ulimi unakwenda, unarudi, unakwenda,
kama mtoto kwenye nyumba iliyopakwa rangi.

Jioni Nyalenda hakuna stima.
Napanda. Mkono mmoja mlingoti, mwingine waya,
na mdomo, wenyewe, bila kuniuliza, unafunguka.

Naufunga.
Natafuta koleo.