Maana za Paa

Miaka kumi na mitatu kazi yangu ilikuwa lami.
Nimelala kifudifudi juu ya jengo hili, orofa kumi na nne,
nikitafuta ufa mwembamba kuliko uzi wa cherehani,
nikiuziba, nikiukanyaga, nikiulaani.
Maji ni mwizi, nilimwambia kijana wangu Shija:
haji na panga, anakuja na subira.

Kisha wakaniita ofisini.
Mhandisi Rwegoshora, kalamu sikioni, akaniuliza:
Fundi, ukitaka maji yakae huko juu, utafanyaje?
Ni kama kumwuliza mlinzi wa usiku
mlango upi unafunguka kwa urahisi.

Udongo tuliupandisha kwa ndoo, lifti imegoma tangu Pasaka.
Udongo wa Kisesa, samadi ya Magu,
na magugumaji yaliyokuwa yakinyonga injini za mitumbwi pale Kirumba.
Tuliyavuna, tukayaozesha miezi minne,
yakawa meusi, ya moto, yenye pumzi.
Adui wa ziwa kapandishwa cheo.
Mhandisi akapima kila mraba, kilo kwa kilo.
Akakataa mwembe, akakataa mfenesi,
akakubali mchaichai, matembele,
na nyasi ambazo hakuna aliyewahi kuzipanda:
tulizibandua kwenye mawe ya Mabatini
zinakoishi kwa umande na ukaidi.

Maana mji huu, ukiutazama kutoka huku,
haujawahi kungoja ardhi tambarare.
Nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya jiwe,
na katikati, pasipoenea hata kiganja,
mpapai.
Basi jengo hili nalo ni jiwe tu,
jiwe la kupangisha, lenye risiti.

Mwenye jengo alitaka kiingilio. Elfu tano, na soda.
Kikao kilikuwa cha tatu, chai imepoa,
Nyanzobe wa Mwaloni alipoingia kudai ujira wake wa magugu.
Magamba yalikuwa yaking'aa mikononi mwake mpaka kwenye kiwiko.
"Mimi napaa sangara tangu alfajiri," alisema,
"ninyi mna paa.
Mwaka nenda, mwaka rudi, mimi napaa, ninyi mna paa.
Sasa nami nataka kupaa."
Mmoja alicheka. Halafu hakuna aliyecheka.
Karani akaandika: *bure*,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Siku ya kufungua, lifti ilifika orofa ya tisa ikachoka.
Nyanzobe akamalizia kwa miguu, kandambili mkononi,
mjukuu wake Masalu mbele.
Korongo wa jalalani alikuwa ametutangulia,
amesimama penye matembele kama mkaguzi wa manispaa.
Mtoto akalizunguka bustani lote,
akachungulia nyuma ya matangi,
ngumi imefumba majani aliyochuma njiani.
"Bibi alisema tunakuja kuona paa," akaniambia.
"Yuko wapi? Ana pembe?"
Sikuwa na jibu la fundi.
"Hajafika," nikasema. "Ngazi ni nyingi."
Akayaweka majani chini, kwa adabu, karibu na mlango.

Saa kumi mvua ikaja kutoka upande wa Ukerewe,
ziwa likiwa jeupe mbele yake.
Watu walikimbilia ngazini. Mikono yangu ikatafuta ndoo ya lami,
kwa mazoea, kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'oka.
Haikuwepo.
Nikasikia maji yakiingia udongoni, yakipita kokoto,
yakiteremka bombani nililoliunga mwenyewe, kuelekea tangini.
Niliketi. Nililowa mpaka soksi.

Kesho yake karani wa orofa ya kumi na nne alinipigia.
"Fundi, tone moja. Mezani, juu ya faili."
Nikapanda na lami kidogo kwenye kopo la maziwa.
Mlangoni majani ya Masalu hayakuwepo.
Upepo, bila shaka.
Hata hivyo nilitazama chini, kwenye udongo mbichi,
nikitafuta kwato.