Nyuma Iwe Buluu

Nilifika Handali na lenzi tatu na haraka moja.
Vumbi la Oktoba lilikuwa limenitangulia,
limekaa juu ya miiba, juu ya mapaa bapa ya matembe,
juu ya ulimi wangu.
Nilikuwa natafuta uso, na nilishajua utakavyokuwa:
mikunjo, mwanga wa pembeni, macho ya mbali.
Nilikwisha kuupiga kichwani
kabla basi halijavuka Mvumi.

Nikamkuta Sechelela Ndahani korongoni,
ndani ya shimo hadi kiunoni,
anakwangua mchanga kwa kibuyu kilichokatwa.
Nikainua kamera.
Hakukunja uso, hakugeuka.
"Mbukwa," alisema,
akaliacha neno hewani.
Nilichelewa kulipokea. Akalirudia polepole
kama anayemlisha mtoto kwa kijiko.
"Mbukwa," nikasema.
"Haya. Sasa shika ndoo."

Maji ya mchangani yana tabia zake.
Yanakuja kwa kujivuta, kama mkwe mwenye haya.
Ukiyachota kwa pupa, tope.
Ukichimba kwa hasira, ukuta unaporomoka
na unaanza upya, punda akikutazama.
Unachota vibuyu viwili, unakaa.
Unasimuliwa uwele ulioliwa na ndege,
binti aliyeolewa Manyoni,
ng'ombe wa mahari aliyekufa njiani
na kesi yake ambayo haijaisha hadi leo.
Unachota cha tatu.
Ndoo moja ilinila saa nzima.
Kidole changu, kilichozoea sehemu ya mia ya sekunde,
hakikujua kijiweke wapi.

Usiku, ugali wa uwele, na mlenda
uliovutika toka bakulini hadi kidevuni pangu.
Watoto wakanifundisha: unazungusha, unakata, hivi.
Nikazungusha. Haukukatika.
Walicheka hadi mdogo wao akaangukia kuni.
Palikuwa na picha kumi katika kicheko kile,
na mikono yangu yote miwili ilikuwa inateleza.

Asubuhi akasema, "Sasa nipige.
Lakini ya pasipoti. Masikio yote yaonekane.
Nyuma iwe buluu.
Ni ya fomu ya mkopo wa kikundi,
na kijana wa stendi anataka elfu tano, nauli juu yako."

Mimi, niliyekuja na mwanga wangu wa pembeni!
Tukaazima kitenge cha jirani, buluu, chenye majogoo,
tukakigeuza majogoo yatazame ukuta.
Akanawa uso. Akavua kilemba.
Akakaa juu ya kigoda
kama mbele ya hakimu anayemdai.
Moja, mbili, nikahesabu.
"Subiri."
Akashusha mabega. Akatulia.
Kitu kikaanza kupanda ndani yake, kidogo kidogo,
kikafika machoni, kikatulia, kikawa safi.
"Haya," akasema. "Chota."

Nilipoteremsha kamera palikuwa na foleni hadi zizini.
Damari Chiwanga na mafuta mapya usoni.
Peresi, aliyemkabidhi mwenzake mtoto, kisha akamnyang'anya,
kisha akamkabidhi tena.
Foibe mwenye jicho moja, akiuliza upande wake mzuri ni upi.
Nikasema yote miwili.
"Mwongo," akasema, na hapo ndipo nikabonyeza.
Niliwasalimu mmoja mmoja. Wengine nilichelewa,
wakanirudishia.

Zile za mikunjo sikuzipiga.
Au nilizipiga mbili, tusidanganyane,
nazo hazina kitu.

Dodoma mjini nikazichapa, nne nne kwa kila mtu,
ndogo kama stempu,
nikampa kondakta wa basi la saa nane
bahasha iliyofungwa kwa mpira.

Ujumbe ulikuja baada ya wiki tatu, kwa simu ya mtoto wa Peresi:
mkopo umetoka.
Foibe anasema anakudai jicho moja,
umlete nalo kabla mvua hazijaanza;
korongo likijaa
hatutakuwa na kazi ya kukupa.