Tapeti ya Sita

Malung, mwisho wa Aprili. Theluji imebaki
ubavuni mwa banda tu, chafu kama mashapo ya kahawa.
Baba amekalia kreti la bia alilolipindua.
Mimi nimeinamia injini: silinda nane,
ya mwaka sitini na sita, ilivuka Atlantiki
kabla sijazaliwa, na leo inagonga.

Ta. Ta. Ta.
Haigongi kwa kasi ya krenki. Inagonga nusu yake,
kwa mwendo wa kamshafti, isiyo na papara.
Basi si beringi, wala si pistoni, Mungu ashukuriwe.
Ni huku juu, kwenye tapeti kumi na sita,
vikopo vya chuma vyenye unene wa kidole gumba,
kila kimoja kimeshika oili yake kidogo
kuziba mwanya kati ya kinachosukuma
na kinachosukumwa, ili visigombane.

Nyumbani kwetu kazi hiyo aliifanya mama.
Tangu Oktoba hayupo.

Tulianza na yaliyo rahisi. Nikachomoa dipstiki:
oili ipo, na haijapita alama
(ikizidi krenki huipiga povu, na povu halibebi kitu).
Filta mpya. Oili mpya. Safari ya Sälen na kurudi,
moto ukayeyushe utando wa miaka gari lilipolala.
Asubuhi ziligonga mbili. Jioni ikabaki moja.

"Ipi?" Baba aliuliza kwa kidevu.
Nikasimamisha bisibisi ndefu juu ya kifuniko,
sikio kwenye mpini, kama fundi yeyote.
"Ya nne," nikasema, nikainua vidole.
Akakataa.

Miaka thelathini na nane Yngve alipasua mbao kiwandani;
masikio yake aliyaacha msumenoni.
Alinyanyuka, akaipokea bisibisi,
na badala ya sikio akaupeleka mpini mdomoni.
Akauuma. Akafumba macho.
Akahama bolti kwa bolti, kope zikimcheza,
akiionja kelele
kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake.
"Ya sita!" akapaza, kwa sauti ya asiyejisikia,
na kunguru wakaruka kutoka kwenye mibetula.

Ilikuwa ya sita.

Nikafungua kifuniko, injini ikinguruma taratibu,
oili ya moto ikinirukia mikononi,
kipande cha boksi la maziwa kikikinga ekzosi.
Legeza nati mpaka roka ipige makelele wazi.
Kaza polepole mpaka inyamaze. Hapo ndipo sifuri.
Halafu robo. Ngoja. Injini itayumba kidogo,
maana tapeti inatema oili iliyozidi; iache iteme.
Robo nyingine. Ngoja.
Mimi si mtu wa kungoja. Kila nilipotaka kuharakisha
mkono wa baba ulinishika kiwiko,
mzito, ukinuka sabuni ya lami.
Robo ya tatu. Basi.

Akazima injini yeye mwenyewe.
Tukakaa, yeye kwenye kreti, mimi kwenye tairi.
Kwa mara ya kwanza tangu mazishi
kimya chetu hakikuwa na mtu wa kukiziba,
wala hakikugonga.

Asubuhi niliiwasha ikiwa baridi.
Usiku oili hushuka, tapeti huamka tupu,
kwa hiyo iligonga kidogo, kisha ikatulia.
Baba alikuwa jikoni, nyuma ya dirisha,
kikombe mkono mmoja, kiganja cha pili kimebandikwa kiooni.
Nikamwonyesha vidole vinne.
Akatikisa kichwa,
akaweka kikombe chini,
akaonyesha vitano.