Dakika Tano, Soko la Wete

Tangu alfajiri napaa samaki,
changu, tasi, pono; kisu kimekuwa butu,
magamba mpaka kwenye kope.
Adhuhuri nanawa kwa ndimu,
nafungua simu ya Faki, kioo kina ufa.

Mchezo wenyewe wa dakika tano:
maji buluu, boya jekundu, kimya.
Linazama. Nabonya. Samaki wa zambarau!
"Uza, au rudisha?"

Mize keshachungulia begani:
"Kilo ngapi huyo?"
Hana kilo, shoga. Hana utumbo, hana mwiba,
hana mteja wa kuniambia punguza.

Narudisha.
Narudisha wote, mmoja mmoja,
vidole vinanukia ndimu.

Imebaki dakika moja.
Mtu kasimama na tasi wanne mfukoni:
"Wapae hawa, upesi."
Boya linacheza.
Namwambia ngoja kidogo, nina samaki huku.