Ukurasa wa Mbeya

Hatuendi msibani. Ilibidi nieleze mara tatu.
Hatuendi Rufaa, hakuna harusi, hakuna kesi.
Tunakwenda Mbeya kutembea tu,
kulala siku mbili, kula, kunywa, kurudi.
Mama Chaula akaweka ndoo chini:
"Kula? Kwani Bulongwa mmeacha kula?"

Mume wangu, Mwalimu Tweve, kafundisha hesabu
miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumponya.
Akafungua daftari jeusi, akapiga mstari kwa rula:
*Chakula na vinywaji, watu wawili, siku tatu:
elfu sitini.*
Elfu ishirini kwa siku. Akapigia mstari mara mbili,
kama afungaye mbuzi asiyemwamini.

Mimi nikachemsha viazi, nikavifunga ndani ya kanga,
na chumvi kwenye kiberiti kitupu.
Sikumwambia. Daftari lina safu zake,
nami nina zangu.

Mwanjelwa, baridi ya Julai, pua zinachuruzika.
Supu mbili, chapati nne: elfu nane.
Saa mbili na nusu asubuhi
na siku imeshaliwa karibu nusu.
Mwalimu aliutazama ule mfupa
kama alivyomtazama mtoto aliyenakili jibu.
Mchana tukaagiza wali sahani moja.
Mhudumu akaleta vijiko viwili bila kuulizwa,
Mungu ampe miaka.
Jioni, chipsi. Viazi!
Nimepanda gari alfajiri kuvikimbia,
nikavilipia vimevaa mafuta,
na pengine vimetoka shambani kwa shemeji yangu.

Kosa la siku ya pili lilikuwa langu.
Hoteli ya ghorofa, juu kabisa,
Loleza imejitanda ukungu, chini mabati ya mji mzima.
Chai moja, elfu nne.
"Majani haya haya?" akanong'ona.
Nikamwambia tumelipia kiti, si chai.
"Basi tukikalie."
Tukakikalia saa tatu na robo.
Akagawanya: elfu nane kwa dakika mia tisini na tano,
shilingi arobaini na moja kila dakika, na chenga.
Tukawa tunaziacha dakika ziyeyuke mdomoni
kama pipi ya mtoto anayejua hakuna nyingine.

Hapo, akitafuta pa kuandika,
akafunua nyuma sana.
*Mbeya, Agosti 2004. Picha ya kifua, dawa, kitanda.
Chakula: andazi moja.*
*Mbeya, Septemba. Dawa, damu.
Chakula:* na mstari mfupi.
*Mbeya, Oktoba. Mbao, misumari, gari la kukodi.*
Safu ya chakula haikuwepo kabisa.

Sikujua kwamba aliandika.
Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu
niliyeweka hesabu ile.
Hatukutaja jina. Kwa mbali pikipiki zilipiga honi.
Mwalimu akainua mkono kumwita mhudumu,
mkono ule ule wa chaki,
akaagiza chai ya tatu,
moja, vikombe viwili,
wala hakuuliza bei.

Siku ya tatu ndipo kanga ikafunguliwa.
"Nimwandikie nani hivi?" akauliza, kinywa kimejaa.
"Havikununuliwa."
Mwandikie mkeo, nikasema.
Akacheka mpaka chumvi ikamwagika.
Isyonje tukanunua mahindi ya kuchoma, bunzi mbili,
tukabishana kama yale ni chakula au ni njia.
Bakaa: mia saba.

Mama Chaula alitungoja hata mizigo hatujatua.
"Haya, mlikula nini huko?"
Mwalimu akavaa miwani, akafungua daftari,
akasoma yote, chapati kwa chapati,
kwa sauti ya darasani.
Alipofika kwenye chai
akasoma mara mbili.